Gari la Nzuki na Kilima cha Wakwe

Kambu ni mahali pa watu wengine kupita. Basi za Mombasa zinapita, malori ya mafuta yanapita, hata mvua ikitoka upande wa Chyulu inapita tu, ikienda kunyeshea wenye bahati. Wanaobaki ni watu wa benchi. Benchi lenyewe lilikuwa ubao wa lori uliolazwa juu ya rimu mbili, mbele ya banda la kuziba pancha, na mwaka huo wa sabini na tisa lilikuwa na wenyewe wanne. Nzuki, mwenye banda, walimwita Rali, kwa sababu Pasaka moja alisimama kando ya barabara magari ya mashindano yakampaka vumbi, na nadhani hajaoga vizuri tangu siku hiyo. Nzioka walimwita Pistoni, fundi aliyejifunza kazi kwa kuoshea mafundi wengine vipuri. Mahamud, mwenye birika la kahawa, alikuwa Tangawizi. Na Dirie, anayeteremsha mbuzi wa Garissa kwa wachinjaji wa barabara kuu, alikuwa Tairi Kumi, maana huyo hawezi kutaja lori lake bila kukutajia na tairi. Mbele yao lilisimama gari la Nzuki, kagari ka Kijapani ka rangi ya chai ya maziwa, injini ya elfu moja na mia mbili, boneti wazi kama mgonjwa anayemwonyesha daktari koo.

Ilikuwa Ijumaa alasiri, na kesho yake Nzuki alitakiwa Migwani kwa baba mkwe wake, Mzee Nzomo. Neno lililetwa na Dirie kwa mdomo: aje Jumamosi na mbuzi mmoja, aketi mbele ya wazee, aseme kama bado ana mke. Mambo yalianzia kwenye kilima cha kuingilia boma hilo. Nzuki alikuwa akipeleka mbuzi wa ntheo, wale wa kuthibitisha kwamba binti ameolewa kweli, na mbuzi wamejaa nyuma, na mkewe Mutindi yuko mbele na mtoto. Katikati ya kilima gari likakata pumzi. Mutindi akashuka, akamfunga mtoto mgongoni, akasukuma pamoja na kaka zake. Nzuki alibaki ndani, ameshika usukani kama rubani, akipiga kelele, “Sukumeni! Sukumeni, inakubali!” Walipofika juu Mutindi alikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kope hadi vidole. Akampita mumewe, akaingia nyumbani kwa mama yake, na hajatoka mpaka leo.

Kisa hicho benchi zima lilikijua. Na wanaume wa benchi, wakiwa ni watu wa akili nyingi, walikaa wakakichambua, wakapata ugonjwa: injini haina nguvu.

— Mwanamke hakukukataa wewe, Rali, — Pistoni alisema, kichwa ndani ya boneti na makalio yakiangalia Mombasa. — Alikataa hosipawa. Ungepanda kile kilima na gia ya pili, saa hii ungekuwa unaletewa uji.

— Si ndiyo nakuambia maliza, — Nzuki akajibu. — Kabureta umeweka mbili. Hedi ya injini umesaga mpaka gari imekataa petroli ya kawaida, inataka super kama mheshimiwa. Ekzosi umefungua. Imebaki nini?

— Washa nisikie.

Nzuki akawasha. Gari likalia, likakohoa, likalia tena. Kuku wa hoteli ya jirani walivuka barabara kuu bila kuangalia kulia wala kushoto.

— Umesikia hiyo sauti? Hiyo ya chini?

— Sauti gani?

— Basi wewe huna sikio. Zima.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu mvua fupi. Kila Nzuki akisema sasa imetosha, kuna mtu alisikia sauti. Na Nzuki, pamoja na mdomo wake wote, alikuwa akifurahi ikisikika. Kila jioni alirudi chumbani kwake nyuma ya soko, akasonga sima kwa sufuria ileile ya watu watatu, maana ndogo hakuwa nayo, akala upande mmoja, upande wa pili ukaganda pale mpaka asubuhi. Halafu alitoka, akaketi ndani ya gari, akawasha injini akaisikiliza. Majirani walidhani anapima taimingi.

— Mimi nimewaambia, hamnisikii, — Mahamud akasema akimimina kahawa. — Injini ni mnyama. Mnyama anaishi kwa pua. Ngamia anabeba nyumba nzima juani, umesikia akikohoa? Pua! Pua inafunga, pua inafungua. Hii gari yenu mmeinyima pua.

— Sasa Tangawizi, gari tutaiwekea pua wapi?

— Juu. Tafuta bomba, itoke kwa kabureta, ipite kando ya kioo, ifike juu ya paa. Huko hewa ni baridi.

— Na mvua ikiingia?

— Kambu?

Wakanywa kahawa.

— Bomba ya nini, — Dirie akasema. — Nyinyi mnacheza. Nunueni zile dawa nyeupe za kabati, za kuzuia nondo wasikule nguo. Mnatia mkono mmoja kwa tanki. Kuna jamaa Garissa alitia kwa pikapu yake, ikapita basi, ikapita lori yangu, na lori yangu mnaijua, tairi kumi, si mchezo.

— Uliiona ikikupita?

— Niliona mahali ilipita.

— Kwani kwa injini kulikuwa na nondo? — Pistoni akauliza.

— Wewe ni fundi ama ni mpinzani?

— Mimi ni fundi. Ndiyo maana sitaki injini inuke sanduku la nguo za nyanya yangu. — Pistoni akajifuta mikono kwenye suruali, ambayo tayari ingeweza kusimama yenyewe kwa grisi. — Sikizeni. Nimefikiria hii kitu usiku kucha. Gia yenye nguvu kuliko zote ni gani?

— Namba moja.

— Rivasi! Namba moja inashindwa mahali rivasi inacheka. Kwa hivyo Rali akifika chini ya kilima, ageuze gari. Apande rivasi.

Nzuki alishusha kikombe.

— Niende kwa wakwe rivasi?

— Eeh.

— Wazee wamekaa pale, wananingoja, wanaona matako ya gari ikija?

— Hiyo ndiyo heshima yenyewe! — Pistoni akapaza sauti, na sasa hata yeye alishangaa jinsi jambo lilivyokuwa likijipanga. — Wewe ni Mkamba ama umesahau? Mama mkwe unamwangalia usoni? Humwangalii. Mkikutana njiani unakata kona. Sasa wewe ukifika umempa mgongo, hata mke wa mzee atasema huyu kijana amelelewa. Hawajawahi kuona mkwe wa kuheshimu hivyo.

Mahamud alicheka mpaka akaweka birika chini. Dirie akapiga ubao kwa kiganja. Nzuki pia akacheka, akacheka zaidi yao, kwa sauti ya mtu anayetaka kicheko kisiishe upesi.

— Mimi kwa tambarare hii gari hamniambii kitu, — akasema. — Juzi nimeachia basi ya Mombasa vumbi hapo kwa daraja.

— Basi ilikuwa imesimama, — Dirie akamkumbusha. — Ilikuwa inateremsha abiria.

— Hata kama. Dereva aliniangalia.

Wakaenda kuijaribu. Mto wa Kambu, kama siku nyingi, ulikuwa mchanga mtupu, na ukingo wake wa upande wa soko una mpando unaofanana sana na kilima cha Mzee Nzomo, kwa maneno ya Nzuki, ambaye ndiye pekee aliyekuwa na sababu ya kukikumbuka. Wakampakia mbuzi wa kesho nyuma. Pistoni akaketi mbele awe Mutindi.

— Usiniangalie hivyo, — akamwambia Nzuki. — Endesha.

Gari likaondoka kwa kishindo, likapanda vizuri mpaka nusu, likaanza kutetemeka, likafa. Mbuzi akasema neno lake. Wakarudi chini kwa breki.

— Ni uzito, — Pistoni akatangaza akiwa bado kwenye kiti cha mke. — Nguvu iko. Shida ni mizigo. Yale magari ya rali mnaona ndani ni matupu hivi, unafikiri ni umaskini?

Basi wakaanza kutoa. Wakatoa tairi ya akiba na jeki. Wakatoa mkeka wa chini, na chini ya mkeka Nzuki akaokota kiatu cha mtoto, kimoja, akakitia mfukoni kabla ya mtu kumwuliza. Wakajaribu. Gari likasogea mbele kidogo kuliko mwanzo. Wakatoa kiti cha nyuma. Likasogea tena, likabakisha urefu wa mtu aliyelala. Hapo Pistoni akashuka, akakitazama kile kiti alichokuwa amekalia, akaanza kukifungua nati.

— Na hicho? — Mahamud akauliza.

— Hiki ni chuma tupu, Tangawizi. Shika hapa uone. Hiki peke yake ni mbuzi mzima.

Mara hii Nzuki alikuwa peke yake ndani, na mbuzi amesimama palipokuwa kiti. Alikanyaga mafuta. Kabureta mbili zikavuta pumzi pamoja, gari likanyanyua pua, likaukwea ule ukingo bila kubadili sauti, likatokea juu na kuruka kidogo, kama mtoto aliyemaliza ngazi. Aligeuka upande wa kushoto kusema, “Umeona?” Mbuzi alikuwa akitafuna mkanda.

Wakarudi benchini wakiimba. Mahamud akamimina kahawa bila kuitwa. Viti viwili viliwekwa pale chini kando ya ubao, na hakuna aliyeviangalia.

Wakati huo basi lililotoka Nairobi lilikuwa limesimama kando ya barabara, tairi ya nyuma imelala, na utingo amelala chini yake akitukana jeki. Abiria walitawanyika kutafuta kivuli. Mama mmoja wa makamo, kiondo begani, akaja taratibu akitembea kama mtu ambaye magoti yake yamekaa vibaya tangu asubuhi. Aliliangalia benchi likiwa limejaa wanaume, akakiona kile kiti cha mbele cha gari pale chini, akaketi.

— Karibu, mwaitu, — Nzuki akamwambia kwa adabu ya kumwita mama. — Umetoka mbali?

— Kwa binti yangu, kule mjini Wote. Naenda Mtito kwa yule mwingine. — Akajiegemeza. — Mimi naitwa Kalondu. Hiki kiti ni kizuri. Ni cha nani?

— Cha gari hii. Tumekitoa.

— Kimeharibika?

Hilo ndilo Pistoni alikuwa akilingojea maisha yake yote. Akasimama. Akamweleza mama Kalondu habari ya kabureta mbili, na hedi iliyosagwa, na ekzosi, na pua ya ngamia, na kilima cha Migwani, na jinsi mke alivyokataa injini isiyo na nguvu, na jinsi leo, kwa akili za watu wa Kambu, injini hiyohiyo imepanda ukingo kama moto. Dirie aliongezea dawa ya nondo. Mama alisikiliza yote, kikombe cha Mahamud mikononi, akitikisa kichwa mahali pa kutikisa.

— Aiya, mmefanya kazi, — akasema mwishowe. Akamgeukia Nzuki. — Kwa hivyo kesho unaenda kumchukua mke wako.

— Kesho.

— Na mtoto.

— Na mtoto, ndiyo.

— Watakaa wapi?

Lori la mafuta likapita likielekea Nairobi. Walilifuata kwa macho wote wanne, kwa makini sana, mpaka likapotea, wala halikuwa na kitu cha kuangaliwa.

— Kuna kreti, — Pistoni akasema. — Kreti ya soda. Ukiweka gunia juu…

— Kreti itateleza kwa kona, — Dirie akasema. — Afadhali akae chini kabisa, aegemee mlango.

— Na mtoto?

— Mtoto atashikwa.

— Na yeye atashika nini?

— Anaweza kuja na basi, — Mahamud akajaribu. — Rali anatangulia na gari, mama mtoto anakuja na basi. Wanakutana hapa.

Hata yeye mwenyewe alilisikia neno hilo lilivyotoka. Akachukua kitambaa, akaanza kupangusa birika lililokuwa safi.

Mama Kalondu hakuwacheka. Labda angewacheka ingekuwa nafuu. Alikunywa kahawa yake, akasugua goti, akasema, — Mimi nauliza tu. Mimi si mtu wa magari.

Honi ikalia. Akashukuru, akamwombea kila mmoja safari njema, hata wale wasiokwenda popote, akaondoka na magoti yake. Basi likapita, kama kawaida ya Kambu.

Nzuki alihama ubaoni, akaketi kwenye kile kiti. Kilikuwa bado na joto la mama wa watu. Upande wa kulia wa kitambaa palikuwa na springi iliyotokeza ncha, na Mutindi alikuwa amekunja kipande cha leso akakishonea juu yake, mishono mikubwa ya haraka. Mwaka mzima Nzuki alikuwa akiwaeleza watu vile gari lake linavyoshika kona, na hakujua kwamba kiti cha mkewe kinachoma.

— Si tatizo kubwa, — Pistoni alikuwa akisema, tayari amerudi ndani ya boneti. — Tunarudisha viti. Halafu tunakata hedi tena, kidogo tu, kama ukucha. Itapanda na viti vyake na mke na mtoto na mbuzi. Nipe wiki, Rali. Wiki ijayo saa kama hii tunajaribu.

— Na ile bomba ya pua, — Mahamud akasema upesi. — Wiki ijayo naweza kupata bomba.

Nzuki aliwaangalia. Mahamud, mke wake Arbaco yuko Garissa na huwa anaonekana Idi hadi Idi. Pistoni, ambaye hata bibi wa kugombana naye hana, hulala gereji ya watu akikumbatia redio. Kama gari lingepona, wangekaa hapa kuangalia nini? Akaona wiki ijayo ilivyo, na ile nyingine nyuma yake, na ubao huu, na kahawa, na sauti ya chini ambayo yeye pekee haisikii. Ilikuwa mahali pazuri pa kukaa. Hilo ndilo lililomtisha.

— Mzee amesema kesho, — akasema.

— Mzee ni mtu, atangoja.

— Tairi Kumi, — Nzuki akamwita Dirie. — Unapanda Garissa leo?

— Nikimaliza hii kikombe. Lori ni tupu.

— Migwani unapita asubuhi?

— Barabara ikikubali.

— Na ukirudi Jumatatu na mbuzi, hapo mbele kando yako, kuna nafasi ya mwanamke na mtoto?

Dirie akameza kahawa iliyobaki.

— Iko. Na wewe?

— Mimi nitakaa nyuma.

— Nyuma na mbuzi? Rali, ile vumbi ya njia ya Mutomo unaijua wewe?

— Siijui, — Nzuki akasema. — Nimekuwa mbele siku zote.

Hakuna aliyecheka, ingawa aliwapa nafasi. Alimfungua mbuzi, akamwinua mpaka juu ya lori, akapanda nyuma yake, akaketi kwenye sakafu iliyonuka mkojo wa safari zote za Dirie. Mahamud alimletea kikombe mpaka kwenye ubao wa lori, akainamisha birika, likatoa tone, halafu mashapo. Akalitikisa. Akabaki amelishika.

— Na akikataa kuja? — Dirie akauliza kutoka dirishani, kwa upole, akiwa ameweka mkono kwenye gia. — Siku ya Jumatatu. Nikupitie wapi?

— Palepale chini ya kilima. Nitapanda nyuma tu.

Lori likang'oka kutoka kando ya lami. Nzuki akasimama, akashika vyuma, akaliona benchi likisogea: wanaume wawili, viti viwili chini, na kile kigari kimeachama katikati yao. Pistoni alikimbia hatua kadhaa, spana mkononi, akapaza sauti juu ya mngurumo:

— Rali! Boneti tufunge, ama tuiwache wazi?

Nzuki alifungua mdomo ajibu. Vumbi likaingia kwanza.